“Late”: lini ni kuchelewa, lini ni marehemu

Swali: “Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika kampuni ya kutembeza watalii hapa Arusha. Juzi dereva wetu alikwama kwenye foleni Usa River akienda hotelini kuchukua wageni, nikamwandikia mgeni: ‘Sorry madam, your late driver will come lately because he lated in jam.’ Mgeni akanijibu kwa kunipa pole ya msiba, akauliza kama familia ya dereva inahitaji msaada! Ofisi nzima walicheka. Kamusi inasema ‘late’ ni kuchelewa, na pia ni marehemu. Mtu atajuaje ni ipi? Na kwa nini wanasema ‘lated’ si Kiingereza wakati kuchelewa ni kitendo? Bosi naye anapenda tuandike ‘latest by Friday’, sijui kama ni sawa. Naomba unieleweshe taratibu, mimi niliishia kidato cha nne.”

Marahaba, ndugu yangu. Mgeni wako alisoma sawasawa kilichoandikwa: “your late driver” kwa Kiingereza ni marehemu dereva wako. Ukiongeza kwamba marehemu huyo “will come”, basi mama wa watu ana haki ya kushtuka. Sentensi yako ina makosa matatu kuhusu “late”, na kila moja lina chanzo chake, kwa hiyo nitayachambua moja moja. Nitaanza na “lated”, maana hilo ndilo linalokuzalishia mengine.

Kwa Kiswahili kuchelewa ni kitenzi. Kinabeba nafsi na wakati ndani yake: nimechelewa, ulichelewa, watachelewa. Kwa “late”, Kiingereza hakitumii kitenzi bali kivumishi, kama “tired”, “ready” na “sick”. Kivumishi hakiwezi kubeba wakati wala nafsi, kwa hiyo lazima kitanguliwe na “be”, na “be” ndiyo inayobadilika. “Late” yenyewe haiguswi: haiongezwi “-ed”, haiongezwi “-ing”.

Kinachowaangusha wengi hapa ni kiambishi -me-. Darasani huzoeleka kwamba -me- ni “have”, na kwa “nimekula” hesabu hiyo inakubali: “I have eaten”. Lakini Kiswahili kina kundi la vitenzi ambavyo -me- yake inaeleza hali uliyomo sasa hivi: nimechoka, nimeshiba, nimelewa, nimechelewa. Hali ya sasa Kiingereza huieleza kwa “am”, “is” au “are”: “I am tired”, “I am full”, “I am drunk”, “I am late”. “I have late” haipo kabisa. “I have been late” ipo, ila maana yake ni kwamba kuchelewa kumewahi kukutokea, kama vile “I have been late three times this month”. Ukimwandikia bosi hivyo asubuhi ukiwa bado kwenye daladala, umejishtaki mwenyewe.

Kwa hiyo: nimechelewa ni “I am late”, nilichelewa ni “I was late”, nitachelewa ni “I will be late”, usichelewe ni “don’t be late”, huwa anachelewa ni “he is always late”. Dereva akiwa njiani na unaona hatafika kwa wakati, wenyewe husema “he is running late”. Hapo hakimbii mtu, maana yake yuko nyuma ya ratiba. Msemo huo ndio utakaokufaa kuliko yote mapokezini, kwa sababu unamwambia mgeni kwamba jambo linaendelea na mtu anakuja.

Na “umenichelewesha” je? Hapo Kiingereza hutumia “make”: “you made me late”. Foleni nayo inaweza kuwa mtendaji: “the traffic delayed him” au “he was held up in traffic”. Angalia sana neno “delay”. Afrika Mashariki tumezoea kusema “sorry, I delayed” tukimaanisha nilichelewa. Tukiwa wenyewe tunaelewana bila shida. Mwingereza au Mmarekani akisikia “I delayed” anaelewa kwamba uliahirisha, ulikawia kwa kupenda mwenyewe. Kama umecheleweshwa na kitu, sema “I was delayed”. Hiyo “was” ndiyo inayokuondolea lawama. “Jam” nayo wengi huko kwao huanza kuifikiria ile ya kupaka mkate. “Traffic” inatosha, au “a traffic jam” kwa ukamilifu wake.

Tuje kwenye marehemu. Kinachoamua maana ni mahali neno lilipokaa. “Late” ikikaa baada ya “be”, ni kuchelewa: “the driver is late”. Ikikaa mbele ya mtu, na kabla yake kuna “the”, “my”, “your”, “his” na wenzao, ni marehemu: “the late driver”, “my late father”, “her late husband”. Kanuni hii itakusaidia katika karibu kila sentensi utakayoandika kazini. Basi, ndege au malipo hayafi, kwa hiyo “the late bus” na “a late payment” hazina hatari hiyo. Kwa watu wengi kwa ujumla, bila “the” wala “my”, kama “late guests will not be served”, maana hurudi kuwa kuchelewa. Hata hivyo mimi nisingeandika hivyo kwenye tangazo. “Guests who arrive late” ni salama zaidi, na haigharimu chochote.

Kama meneja aliacha kazi na yu hai, huyo ni “my former manager”. Nasisitiza hili kwa sababu “wa zamani” humfanya mtu atafute neno lenye harufu ya wakati, akaiokota “late”, na kumzika mtu aliyehamia Mwanza.

Labda unajiuliza imekuwaje neno moja libebe mambo mawili yaliyo mbali hivi. Zamani sana “late” ilimaanisha mzito, mwendo wa polepole. Kutoka hapo ikawa kile kinachokuja baada ya wakati wake, na pia kile kinachoelekea mwisho wa kipindi. Kisha ikapata maana nyingine, ya karibuni, ya hivi juzi. “My late husband” ilianzia hapo: mume niliyekuwa naye hadi hivi karibuni. Ndiyo sababu hadi leo haitumiki kwa watu wa kale. Utasema “the late Wangari Maathai”, aliyefariki mwaka 2011, lakini hakuna anayeandika “the late Sultan Barghash”, kwa sababu alifariki mwaka 1888 na hakuna msomaji anayedhani bado yupo.

Mambo mawili zaidi kuhusu marehemu, kwa kuwa ofisini huandikwa pia matangazo ya rambirambi. La kwanza, usiangushe “the” mbele ya jina: ni “the late Julius Nyerere”, siyo “late Julius Nyerere”. La pili, usiiweke “late” unapoeleza jambo ambalo mtu alilifanya akiwa hai. “In 1961 the late Julius Nyerere became Prime Minister” humfanya msomaji makini atabasamu, maana ni kama marehemu ndiye aliyeapishwa. Andika jina peke yake, mwaka utajieleza.

Sasa kuna jambo ambalo wasahihishaji wakali hulikosea. “My father is late”, kwa maana ya amefariki, husikika sana Uganda, Kenya na kusini mwa Afrika, Botswana hasa. Si upumbavu. Ni Kiingereza cha huku, na ukiwa na watu wa huku hakuna haja ya kumsahihisha aliyefiwa. Tatizo linakuja pale msikilizaji anapotoka nje: atadhani mzee yuko njiani, pengine atakuuliza anafika saa ngapi. Kwa wageni wako tumia “my father passed away”, au “my father died” ambayo ni ya moja kwa moja na haina ukosefu wa adabu.

Maana ile ya kuelekea mwisho wa kipindi ndiyo utakayokutana nayo zaidi katika utalii. “In late June” ni siku za mwisho za Juni, tuseme kuanzia tarehe 20 hivi. “Late morning” ni kama saa nne hadi karibu saa sita mchana; “late afternoon” ni kuanzia kama saa kumi hadi jua linapoanza kushuka. “A woman in her late twenties” ana miaka 27 hadi 29. Kosa la kawaida hapa linatokana na “mwishoni mwa”: watu huandika “in the late of June”. Haipo. Mwezi hauna “the” wala “of”: “in late June”. Miongo na sehemu za siku ndizo zenye “the”: “in the late 1990s”, “in the late afternoon”. Na usidhani “late June” ni sawa na “the end of June”. Mgeni akikuambia anataka kuja “in late October”, kabla mvua za vuli hazijakolea, anakupa nafasi ya siku kumi hivi za kupanga. Akisema “at the end of October”, anaanza kuzungumzia tarehe 30 na 31.

Hapo hapo yapo maneno ya hoteli ambayo hayana kosa la mtu ndani yake. “Late check-out” si mgeni aliyechelewa kutoka; ni ruhusa ya kukaa chumbani kupita saa ya kawaida, mara nyingi kwa malipo. “Late arrival” kwenye fomu ya kuhifadhi chumba ni taarifa kwamba mgeni atafika usiku, ili chumba kisigawiwe mwingine. “A late flight” kwa kawaida ni ndege ya usiku kulingana na ratiba yake, ilhali “the flight is late” ni ndege iliyochelewa. Ukitaka kuondoa utata, iliyochelewa iite “a delayed flight”. Wafanyakazi wa mapokezi hukosana na wageni kwa sababu ya tofauti hii: mgeni kaandika “I am on a late flight”, dereva kaambiwa ndege imechelewa, naye kaondoka baadaye kuliko ilivyotakiwa.

Kosa lako la tatu ni “lately”. Ulifikiri, na ni kawaida kabisa, kwamba ukitaka kielezi unaongeza “-ly”, kama “slow” inavyozaa “slowly”. “Late” haifuati mkumbo huo. Kielezi chake ni “late” hiyo hiyo: “he arrived late”, “we worked late”, “she woke up late”. “Lately” ni neno jingine lenye maana ya siku hizi, hivi karibuni, na hupenda kuandamana na “have”: “I have been busy lately”. “He will come lately” haina maana yoyote, kwa sababu “lately” inatazama nyuma na “will” inatazama mbele. Ulichotaka ni “he will come late”, au “he will come later” kama ulikuwa na maana ya baadaye tu bila kosa la kuchelewa.

“Later” huwekwa baada ya kipimo: “two days later”, siku mbili baadaye, katika habari iliyokwisha pita. Ukihesabu kuanzia sasa kwenda mbele, Kiingereza hutumia “in”: “I will call you in two days”. Sisi tunavutwa na “baada ya siku mbili” tukaandika “after two days”. Mgeni ataelewa, lakini hatajua kama ni siku ya pili kamili au wakati wowote baada ya hapo. “Latter” yenye t mbili ni ya pili kati ya mbili zilizotajwa. Hutamkwa kwa a fupi, na kazini kwako hutaihitaji.

Kuhusu bosi: “latest by Friday” imezoeleka katika ofisi nyingi za huku na nia yake inaeleweka, ila mpangilio wa Kiingereza sanifu ni “by Friday at the latest”. Ningemshauri abadilishe kwenye barua za wateja wa nje, na za ndani ziachwe zilivyo. Si vita ya kupigana na anayekulipa mshahara. Kwa upande mwingine, “latest” na “last” usizichanganye popote. “Latest” ni mpya kuliko zote hadi sasa, na nyingine zaweza kuja. “Last” ni ya mwisho, au iliyopita. Abdulrazak Gurnah yu hai na anaandika, kwa hiyo riwaya yake mpya ni “his latest novel”. Ukisema “his last novel”, msikilizaji anaweza kuuliza kama ameacha kuandika au kuna habari mbaya. Ukimtumia mgeni bei mpya andika “our latest prices”.

Vihusishi navyo nivipitie haraka. Unachelewa kwenye jambo kwa “for”: “late for work”, “late for the game drive”. Unachelewesha kitu ulichotakiwa kutoa kwa “with”: “late with the rent”, “late with the invoice”. Kiasi cha muda hutangulia “late” moja kwa moja: “twenty minutes late”. “Late by twenty minutes” haina kosa la sarufi, ni nzito tu. Na ukiona ujumbe wa mwanamke kwa rafiki yake unasema “I’m late” bila kutaja kitu alichochelewea, huenda anazungumzia hedhi. Usiingilie na ratiba ya gari.

Tena kuna saa, ambayo ni hatari kuliko sarufi yote hii. Ukishasema dereva amechelewa, mgeni anataka kujua atafika lini, na hapo akili ya Kiswahili inaandika 2:30 kwa sababu ni saa mbili na nusu asubuhi. Mgeni atasoma saa nane na nusu, usiku au mchana. Andika 8:30 a.m., na ukiweza weka tofauti pia: “30 minutes late”. Namba mbili zikigongana, mgeni ataona kuna kosa na atauliza.

Ujumbe wako ungeweza kuwa hivi: “Dear Madam, I am sorry, but your driver is running late because of heavy traffic at Usa River. He will be at your hotel at 8:30 a.m., about 30 minutes late. Thank you for your patience.” Una mpangilio: pole, hali, sababu, saa, shukrani. Usirefushe sababu. Wageni wengi wanajali saa kuliko maelezo ya lori lililoharibika barabarani.

Na yule aliyekupa pole ya msiba usimwache hewani. Mjibu leo: “Thank you for your kind message. I am sorry for my mistake: our driver is alive and well. I meant that he was running late.” Atacheka, na pengine ndiye atakayewapa maoni mazuri kuliko wote.

Kuna sehemu maandishi hayatoshi. Matamshi ni mojawapo: “late” ina sauti inayoteleza kutoka e kwenda i, kisha t inakatwa bila irabu mwishoni. Ukiitamka “leti”, kwenye simu inaweza kusikika “let”, na kama lugha yako ya nyumbani haitenganishi l na r, “late” na “rate” zitagongana, nawe kila siku unataja bei. Kwa hilo tafuta mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso, asikie sauti yako na kukurekebisha papo hapo. Kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman zipo bure mtandaoni na zina sauti za kusikiliza, lakini haziwezi kukusikia wewe. Mwalimu huyo mpelekee pia barua pepe kama kumi ulizokwisha kutuma. Makosa ya mtu hujirudia, na kumi zinatosha kumwonyesha ni yapi.

Ukikabidhiwa kuandika au kutafsiri hati za mirathi, bima au hati ya kiapo, usitegemee jibu hili wala programu ya kutafsiri. Katika matangazo ya mirathi ya Kenya, kwa mfano, utakuta “late of Kisumu”, maana yake marehemu aliyekuwa mkazi wa Kisumu, na neno likikosewa hapo hati inaweza kurudishwa. Hiyo mpelekee wakili.